Viraka vya Office: tundu likizibwa upande huu, mbona linafunguka upande ule?

Mlinda_Faili ameuliza:

Wakuu, salaam.

Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft wanatoa viraka. Taarifa inasema udhaifu fulani wa Word au Excel umerekebishwa, namba ya CVE (utambulisho wa kila udhaifu) ipo, tunasasisha na kuendelea na kazi. Miezi michache haipiti, inatoka CVE nyingine kwenye sehemu ileile, kwa faili la aina ileile, na mbinu ukiitazama ni ileile iliyogeuzwa kidogo.

Mifano: Equation Editor (kihariri cha milinganyo) ilizibwa Novemba 2017 (CVE-2017-11882), ikabidi irudiwe Januari 2018 (CVE-2018-0802). OLE (njia ya kupachika au kuunganisha kitu cha programu nyingine ndani ya hati) kwenye PowerPoint ilizibwa Oktoba 2014 (CVE-2014-4114), Novemba ikaja CVE-2014-6352. Viungo vya OLE kwenye RTF vilizibwa Aprili 2017 (CVE-2017-0199), Julai ikaja CVE-2017-8570.

Nauliza mambo matatu. Kwanza, kiufundi, kwa nini kiraka kinashindwa kumaliza tatizo? Pili, nitajuaje kwamba kiraka kimeingia kweli kwenye mashine, maana "Windows Update: You're up to date" imeanza kunitia shaka? Tatu, kipi naweza kufunga mwenyewe ili nisimtegemee mtengenezaji peke yake?

Mazingira: Office 2016 ya MSI (iliyosakinishwa kwa kifurushi cha kizamani) imechanganyika na Microsoft 365, na mafaili ya .doc, .rtf na .xls yanaingia kwa barua pepe kila siku kutoka nje. Kukataa viambatisho vyote haiwezekani.

---

Tundu_la_Sindano amejibu:

Shaka yako ina msingi, mkuu, ila iweke mahali pake. Ukikuta kiraka kimeshindwa, mara nyingi utaona mtengenezaji aliziba *njia* iliyoonyeshwa kwenye ripoti na kuacha *uwezo* uliozaa hiyo njia. Chukua Equation Editor, maana pale kila kitu kinaonekana wazi.

EQNEDT32.EXE ni programu ya mwaka 2000. Ilitengenezwa na kampuni ya Design Science, ikafungwa ndani ya Office, ikasahaulika humo miaka 17. Haikuwa sehemu ya mchakato wa Word. Hati yenye mlinganyo wa zamani ilikuwa inaiamsha kupitia COM (mfumo wa Windows wa programu kuitana) kama programu inayojitegemea, kwa hiyo kinga zilizoongezwa kwenye WINWORD.EXE hazikuifikia. Yenyewe haikuwa na ASLR (kinga ya kubadilisha-badilisha anwani za kumbukumbu) wala DEP (kinga ya kuzuia data isiendeshwe kama msimbo).

Kosa lenyewe lilikuwa hivi: programu inasoma jina la fonti kutoka kwenye hati na kulinakili kwenye nafasi finyu ya staki (kumbukumbu ya muda ya programu) bila kupima urefu. Jina likizidi, linafunika anwani ya kurudi, na mshambuliaji anaamua programu iende wapi. Hati ikifunguliwa nje ya Protected View (hali ya Office ya kusoma tu), mtumiaji hana anachobofya zaidi. Hakuna makro, hakuna onyo.

Sasa kiraka cha Novemba 2017. Watu wa 0patch, watengeneza viraka wasio wa Microsoft, walilinganisha faili la zamani na jipya wakaona fankisheni zote zimebaki kwenye anwani zilezile, jambo ambalo halitokei ukijenga programu upya kutoka kwenye msimbo wake. Maana yake kuna mtu aliyehariri baiti moja moja ndani ya exe: akafinya maelekezo fulani yachukue nafasi ndogo, akapata upenyo wa kuingiza kipimo cha urefu. Ni kazi ya fundi hodari kweli. Lakini kipimo kiliwekwa pale tu alipojua pana tatizo. Fankisheni nyingine iliyokuwa inanakili jina hilohilo la fonti ilibaki wazi, na ndiyo iliyokuja kuitwa CVE-2018-0802.

Kiraka hicho kiliwasha na ASLR. Kwenye programu ya biti 32, ASLR hubadilisha biti 16 za juu za anwani, zile 16 za chini zinabaki kama zilivyo. Mshambuliaji akifunika baiti mbili za chini peke yake, hana haja ya kukisia chochote.

Januari 2018 Microsoft waliacha kushona viraka, wakaiondoa programu yote. Toka hapo, Office iliyopata sasisho lile haina Equation Editor 3.0 ya kushambuliwa. Milinganyo ya zamani inaonekana ila haihaririki bila kitu kama MathType.

CVE-2017-0199 nayo ina funzo lake. Hati ya RTF ilibeba kiungo cha OLE kilichovuta faili la HTA (ukurasa wa HTML unaoendeshwa kama programu) kutoka kwenye seva na kuliendesha. Kiraka cha Aprili kilipiga marufuku vitu viwili vya COM kwa utambulisho wao: htafile na script moniker. Julai ikagundulika njia ya tatu inayofika kwenye hati ya skripti bila kupitia hivyo viwili, ndiyo CVE-2017-8570. Orodha ya marufuku inazuia vilivyoandikwa tu, na COM ina vitu visivyohesabika.

Kwa hiyo mimi nikisoma taarifa ya kiraka, natafuta wameziba kwa namna gani. Wameondoa kipengele au wamekizima kwa chaguo-msingi? Hiyo naiamini sana. Wameongeza kipimo sehemu moja? Naiamini kwa sehemu hiyo. Wameongeza jina kwenye orodha ya marufuku? Naanza kuhesabu siku.

Lakini usije ukageuza shaka hii kuwa sababu ya kuchelewesha masasisho. Kiraka kikitoka, kila mwenye nia mbaya anaweza kulinganisha faili la zamani na jipya akaona tundu lilikuwa wapi. CVE-2017-11882 ilianza kutumika kwa mashambulizi ndani ya siku chache tu baada ya kiraka kutoka, na iliendelea kwa miaka, kwa sababu mashine zisizosasishwa zilikuwa tele.

---

Nahodha_Seva amejibu:

Niende kwenye swali la pili, maana ndipo wengi wanapoumia bila kujua.

Office ya MSI na Office ya Click-to-Run hazisasishwi kwa mlango mmoja. Office 2016 ya MSI ilikuwa inapata viraka kupitia Windows Update, na hapo ilikuwa lazima uwe umewasha chaguo la kupokea masasisho ya bidhaa nyingine za Microsoft. Microsoft 365, pamoja na Office 2019 na zilizofuata, ni Click-to-Run: ina huduma yake yenyewe inayovuta toleo jipya. Windows Update haijui habari zake. Ndiyo maana mashine inaweza kusema iko sawa huku Word yake ina miezi minane haijaguswa.

Kwa Click-to-Run, usiulize Windows, uliza rejista:

`Get-ItemProperty HKLM:\SOFTWARE\Microsoft\Office\ClickToRun\Configuration | Select VersionToReport, UpdateChannel`

Namba utakayoipata ilinganishe na ukurasa wa Microsoft wa historia ya matoleo, kwa chaneli yako. Ikiwa nyuma, sukuma:

`"C:\Program Files\Common Files\microsoft shared\ClickToRun\OfficeC2RClient.exe" /update user`

Hapa watu hukwama. Sasisho linaweza kuwa limeshapakuliwa lakini halijaingia, kwa sababu Outlook au Excel iko wazi. Mtumiaji anayefunga kifuniko cha kompyuta mpakato bila kufunga programu anaweza kukaa wiki kadhaa na toleo la zamani. Weka sera yenye siku ya mwisho ya sasisho ili programu zifungwe kwa lazima baada ya onyo.

Jambo lingine: kiraka cha tatizo la hati si lazima kiwe cha Office. Follina, CVE-2022-30190, ilionekana kwa watu kama tatizo la Word kwa sababu ilianzia kwenye docx. Kiraka cha tarehe 14 Juni 2022 kilikuja ndani ya sasisho la jumla la Windows, kwa sababu kilichorekebishwa ni MSDT, kifaa cha Windows cha uchunguzi. CVE-2021-40444 ya Septemba 2021 vilevile, kosa lilikuwa MSHTML, injini ya Windows ya kuonyesha kurasa za wavuti. Aliyesasisha Office tu alibaki wazi huku akiamini amemaliza. Kabla ya kufunga tiketi, soma jedwali la bidhaa zilizoathirika kwenye ukurasa wa CVE, sio kichwa cha habari.

Na kichwa chenyewe kinapotosha. Taarifa nyingi za Office zinaitwa "Remote Code Execution" (kuendesha msimbo kutoka mbali) huku alama ya CVSS, kipimo cha ukali wa udhaifu, ikionyesha AV:L (shambulio la ndani ya mashine). Maana yake mshambuliaji yuko mbali, ila msimbo unaendeshwa pale faili linapofunguliwa kwenye mashine. Tafuta sehemu ya maswali na majibu kwenye ukurasa huo, uone kama kidirisha cha onyesho, Preview Pane, ni njia ya shambulio. Kama ni ndiyo, hata mtumiaji makini asiyefungua faili anapatikana kwa kulichagua tu, na kiraka hicho ndicho cha kutangulizwa.

Office 2016 uliyonayo ni tatizo kuliko CVE yoyote. Msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025, siku moja na Office 2019. Hapo tena huulizi kama kiraka kinatosha. Itenge na mafaili ya nje au iondoe.

---

Penzi_la_Chanzo_Huria amejibu:

Mbona hamshauri kuhamia LibreOffice yaishe? Makro za VBA kule hazifanyi kazi sawasawa, Equation Editor haipo, na msimbo uko wazi kila mtu anaukagua.

---

Tundu_la_Sindano amejibu:

Ndugu, kuhama kunapunguza mashambulizi yaliyoandikwa kwa ajili ya Word, hilo sikatai. Ila ugonjwa wa kiraka kisichomaliza haubagui. Mwaka 2019 LibreOffice ilikuwa na CVE-2019-9848: kipengele cha LibreLogo kilichokuja na programu kiliweza kuendesha msimbo wa Python, na hati iliweza kukiita kwa tukio dogo kama kipanya kupita juu ya kitu, bila onyo la makro. Ikazibwa kwenye 6.2.5. Ikaja CVE-2019-9850, ambapo kipimo cha anwani kilikwepeka, na CVE-2019-9851, ambapo tukio la hati yenyewe, kama kufunguliwa, lilitumika badala ya tukio la kipanya. Zote mbili zikazibwa kwenye 6.2.6. Ni mchoro uleule wa Equation Editor: kipengele kilichosahaulika, kiraka cha njia moja, halafu njia ya pili. Aliyesakinisha bila LibreLogo zote tatu hazikumhusu.

---

Bi_Rejista amejibu:

Swali la tatu. Nitaandika ninavyopanga kwa uzito, sio kwa urahisi.

RTF kwanza. Word inatambua faili kwa yaliyomo, sio kwa jina, kwa hiyo RTF iliyopewa jina la .doc inafunguka kama RTF. Ndiyo maana kuzuia kiendelezi cha .rtf kwenye seva ya barua hakukusaidii. Nenda File > Options > Trust Center > Trust Center Settings > File Block Settings, weka alama kwenye RTF Files upande wa Open, kisha chagua ama kutofungua kabisa ama kufungua ndani ya Protected View. Kwa mashine nyingi fanya hivyohivyo kwa sera ya kikundi (Group Policy). Hapohapo funga na miundo ya Word 95 na ya nyuma yake.

Pili, kanuni ya Defender (kingavirusi ya Windows) inayozuia programu za Office kuzaa michakato mingine. Word haina sababu ya kawaida ya kuamsha msdt, cmd wala powershell. Ianze kwa ukaguzi:

`Add-MpPreference -AttackSurfaceReductionRules_Ids D4F940AB-401B-4EFC-AADC-AD5F3C50688A -AttackSurfaceReductionRules_Actions AuditMode`

Baada ya wiki mbili soma kumbukumbu za Microsoft-Windows-Windows Defender/Operational: tukio 1122 ni kile ambacho kingezuiwa, 1121 ni kilichozuiwa kweli. Ukiridhika, badilisha AuditMode kuwa Enabled. Masharti: Defender iwe ndiyo kingavirusi kuu. Ukiweka kingavirusi nyingine juu yake, kanuni hizi zinanyamaza na hakuna atakayekuambia. Pia zina upenyo: makro inayoanzisha mchakato kupitia WMI (mfumo wa Windows wa usimamizi), mzazi wa mchakato huo ni WmiPrvSE, sio Word. Kwa huo kuna kanuni nyingine, d1e49aac-8f56-4280-b9ba-993a6d77406c, ila haipatani na mashine zinazosimamiwa kwa Configuration Manager, maana nayo inategemea WMI.

Tatu, makro. Uzuiaji wa makro za mafaili kutoka intaneti ulitangazwa Februari 2022, ukasitishwa Julai, ukarudishwa Julai hiyohiyo. Unasimama juu ya alama moja tu, mkondo wa Zone.Identifier unaoshikizwa kwenye faili. Uangalie hivi:

`Get-Content .\hati.docm -Stream Zone.Identifier`

Ukiona ZoneId=3, faili limetoka intaneti na linazuiwa. Usipoona kitu, Office inalichukulia kama la nyumbani. Na alama hii inapotea kirahisi mno. Flashi ya FAT32 au exFAT haiwezi kuibeba. Mafaili ndani ya ISO (faili la taswira ya diski) hayakuipata mpaka viraka vya Novemba 2022. 7-Zip, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, haikuwa inaihamisha kabisa hadi toleo 22.00, na hata hapo ni chaguo la kuwasha mwenyewe. Halafu faili lililobanwa ndani ya faili jingine lililobanwa liliendelea kuipoteza hadi 24.09 (CVE-2025-0411). Kinga nzima ya makro inaning'inia kwenye uzi huo. Kwa wasiohitaji makro, weka sera ya VBAWarnings iwe 4, yaani makro zote zimezimwa bila kuuliza. Wanaozihitaji wapewe 3, zilizosainiwa tu.

Nne, kagua faili lenyewe kabla halijafika kwa mtumiaji. Docx ni zipu. Amri hii inatosha kuanzia:

`unzip -p hati.docx word/_rels/document.xml.rels | tr '>' '\n' | grep -i external`

Utaona mistari mingi ambayo Type yake inaishia na /hyperlink. Hiyo ni viungo vya kawaida, usiihangaikie. Kinachotakiwa kukushtua ni mstari wa namna hii:

`Type=".../oleObject" Target="http://.../index.html!" TargetMode="External"`

Hati inayovuta kitu cha OLE kutoka kwenye seva ya nje, na alama ya mshangao mwishoni mwa anwani. Ndivyo Follina ilivyokuwa. Kagua pia word/_rels/settings.xml.rels: ukikuta attachedTemplate inaelekea http, basi kiolezo kinavutwa kutoka nje, na docx isiyo na makro hata moja inaweza kuleta makro kwa mlango huo. Kwa RTF tumia rtfobj, kwa mafaili ya zamani ya OLE tumia olevba. Zote zimo ndani ya oletools, unazipata kwa `pip install oletools`.

Mwisho, zuia TCP 445 (mlango wa SMB, itifaki ya Windows ya kushirikiana mafaili) kutoka ndani kwenda nje kwenye ukuta wa moto. CVE-2023-23397 ya Outlook, Machi 2023, ilituma heshi ya nenosiri (thamani iliyokokotolewa kutoka kwenye nenosiri) kwenye seva ya mshambuliaji kwa ujumbe wenye njia ya faili la sauti ya kikumbusho, bila kubofya. Kiraka kikaongeza kipimo cha anwani. Mei yake kikakwepwa kwa mkwaju (alama ya \) mmoja wa ziada kwenye njia (CVE-2023-29324). Aliyekuwa amefunga 445 heshi yake haikutoka kwa njia ya SMB, wala mwezi Machi wala Mei.

---

Mlinda_Faili ameuliza:

Nashukuru sana, wakuu. Bi_Rejista, swali la nyongeza. Kuna vitabu vya Excel vya idara ya hesabu ambavyo makro zake zinaamsha programu ya nje kutengeneza PDF. Kanuni ya D4F940AB itaviua. Niiache kwenye ukaguzi kwa mashine hizo?

---

Bi_Rejista amejibu:

Hapana, usiiache mashine nzima wazi kwa sababu ya exe moja. Soma matukio ya 1122 kwenye mashine hizo, chukua njia kamili ya programu inayoamshwa, kisha iweke kwenye orodha ya misamaha ya kanuni:

`Add-MpPreference -AttackSurfaceReductionOnlyExclusions "C:\Program Files\...\jina.exe"`

Angalizo mbili. Msamaha huu kwa amri hii unatumika kwa kanuni zote zinazokubali misamaha, sio hiyo moja tu, kwa hiyo usisamehe EXCEL.EXE wala folda nzima. Na njia unayoisamehe iwe mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika. Ukisamehe kitu kilicho ndani ya AppData au Downloads, yeyote atakayeweka faili lake kwa jina hilo atapita.

Kabla ya hapo jaribu hili: Excel inatengeneza PDF yenyewe kwa ExportAsFixedFormat ndani ya VBA, bila kuamsha programu yoyote. Kama makro zile ziliandikwa enzi za Office 2003, huenda ni mistari michache tu ya kubadilisha, na msamaha hautahitajika.

---

Nahodha_Seva amejibu:

Naongezea kwa hilo. Ukishabadilisha makro, zisainiwe upya, maana kuhariri msimbo wa VBA kunaondoa saini. Sera ya VBAWarnings 3 itazikataa asubuhi yake na utapigiwa simu na idara nzima.